Mama Mwidani Atua Mtungini

Je, ushawahi kuyatuliza maji ya mto wakati wa mafuriko? Kule Mwakirunge, mwaka ule wa mvua kubwa, uhuru ukikaribia, mtu hakunywa mpaka mtungi ulale usiku kucha. Mchanga ulitangulia kuzama, kisha tope laini, juu yakabaki maji ya kunywa.

Basi asubuhi moja Kadzo alifunua mtungi, akamkuta mavyaa yake, mama wa mumewe, marehemu Mwidani, ametua juu ya mchanga, mwembamba kama utando wa uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yupo?"

Ngowa, mumewe Kadzo, alikuwapo, akijikwangua kwenye kucha masizi ya makaa aliyochoma. Akaja, akainamia mtungi. Mama akamsimulia safari yake bila haraka. Mawe ya kaburi, kwa uzito wao, yalibaki chini ya kilima. Mchanga ulichoka kwenye kona, pale mto unapopunguza mbio. Yeye, kwa ulaini wake, alichukuliwa mpaka huku.

"Mizizi ilikuwa imenishika vizuri," akasema. "Ile miti kaikata nani?"

"Mvua, mama. Mvua imezidi."

Maji yakavurugika yote, yakawa mekundu.

"Bwana wee, usimvuruge!" Kadzo akamwambia. "Watoto watakunywa nini?"

Adhuhuri akabisha hodi jirani yao, Mwanarehema, na kitambaa kilicholowa.

"Mkono wa mama yenu huu, nimeuchuja kwangu. Nimeujua kwa lile kovu la jungu. Kina Mramba wana sikio lake, watalileta wakimaliza kufua."

Ngowa akaupokea kwa mikono miwili, macho chini. Alitamani aulizwe, hata atukanwe. Hakuna aliyemuuliza. Kila jiko la jirani lilikuwa likiwaka makaa ya Ngowa.

Wakamkusanya mama mtungini, wakamweka pembeni, na maji ya kunywa wakayatuliza kwenye mtungi mwingine. Mvua ilipokatika, Ngowa akanoa shoka, maana upande wa pili wa kilima miti ilikuwa ingalipo. Akapita karibu na mtungi akinyata, shoka begani, asije akautikisa.

"Ngowa."

"Labeka, mama."

Tope lilikuwa limetulia tuli.

"Nilitaka kivuli tu, mwanangu."