Wa Arobaini na Mbili

Wahariri wenzake wa ile ensaiklopidia ya mtandaoni walimbandika jina la Bi Chanzo, maana sentensi isiyoonyesha ilikotoka aliifuta bila msalie mtume. Miaka thelathini alikuwa msahihishaji wa gazeti. Alipostaafu, ukali wake akauhamishia huko.

Ukurasa uliomtia majaribuni ulihusu moto wa zamani uliounguza kiwanda cha viberiti. Waliokufa: arobaini na mmoja. Mtu asiyejulikana akaandika arobaini na wawili. Bi Chanzo akarudisha. Kesho yake, wawili tena. Akarudisha, akaeleza kwa upole kwamba idadi haibadilishwi bila chanzo kilichochapishwa.

Mara ya tano yule mtu aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Wa arobaini na mbili ni dada yangu. Kaburi lake nimelichimba mimi."

Akamjibu kama alivyozoea: "Pole, ndugu yangu. Lakini unachokijua wewe mwenyewe hakihesabiki kuwa chanzo." Kisha akaufunga ukurasa, wageni wasiuguse.

Yule mtu hakuandika tena. Hapo ndipo raha ilipomwisha mama wa watu. Akipika anaisikia ile sentensi, akifua anaisikia, kwa sauti ya mwanamume asiyemjua hata sura. Binti yake akaanza kumuuliza anaongea na nani jikoni.

Wiki ya tatu alijikongoja hadi maktaba kuu, akafunua magazeti ya mwaka ule moja moja. Toleo la siku ya kumi na tisa baada ya moto, chini ya tangazo la viatu, lilikuwa na mistari miwili: msichana mpanga viberiti, amefariki hospitalini kwa majeraha. Lilikuwa gazeti lake, na ukurasa ule ulikuwa zamu yake. Mistari ile alishaipitia kwa kalamu, akakagua nukta na mikato, akaiacha iende.

Akabadilisha idadi, akaweka chanzo, akamwandikia yule bwana kwenye majadiliano. Baada ya siku nne akajibiwa na mpwa wa bwana huyo.

"Mjomba tulimzika mwezi uliopita. Kila asubuhi alikuwa ananiambia nimfungulie huo ukurasa, aone kama mama mdogo amehesabiwa."

Kuhariri, Bi Chanzo bado anahariri, na sheria anazishika. Ila kila asubuhi huanza na ukurasa wa kiwanda, kwa kuwa anahisi kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chake, anangoja afunguliwe. Anaufungua, anauacha wazi kitambo, wala hageuki.