Magari Yanayopiga Goti

Tone. Kimya. Tone.

Voahirana alifumbua macho gizani, akasikiliza. Haikuwa bomba, maana maji ya mtaa yalikuwa yamekatwa tangu Jumapili. Sauti ilitoka uani, alikoegesha teksi yake na kukinga bakuli la bati chini ya gurudumu la mbele la kushoto. Akahesabu pumzi za bintiye Tiana, aliyelala ubavuni pake. Kila pumzi sita, tone moja. Jana zilikuwa kumi.

"Raba ya silinda ya breki imekwisha," akajisemea, akajitupia shuka mabegani na kushuka ngazi.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la rangi ya malai kama teksi nyingine za Antananarivo, nalo lilimzidi umri. Lilikuwa la baba yake. Baba aliweza kusikia ugonjwa wa injini kwa kuegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi, lakini alikuwa na tabia ya madereva wa mji ule wa vilima: akifika juu ya mteremko, huzima injini, hutia frii, na kuliacha gari lijiteremkie lenyewe, ili chupa ya petroli aliyoiweka miguuni pake badala ya tangi imfikishe jioni. Miaka miwili iliyopita, kwenye kona ya Mteremko wa Mawe, breki ziligoma na hapakuwa na gia ya kulishika gari. Alitoboa ukuta wa kingo ya barabara, akaangukia kwenye majaruba ya mpunga.

Yeye walimlaza kaburini pamoja na babu zake. Gari, Voahirana alilikokota kwa ng'ombe wanne, akalinyoosha bati kwa nyundo ya mbao kwa miezi minane, huku akisoma kitabu cha ufundi kila atokapo darasa la jioni. Ukuta haukuguswa na mtu. Palibaki pengo la hatua kumi na moja, mianzi mitatu na kitambaa chekundu.

Kulipopambazuka alikuwa ameshatia raba mpya. Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Tiana, wa miaka sita, akasimama kwa miguu yote juu ya pedali, ameng'ang'ania usukani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapo hapo!"

"Nashikilia, Mama, lakini pua inaniwasha."

"Pua itangoja. Breki haingoji."

Viputo vikatoka kwenye mpira aliouchomeka gurudumuni, vikaingia kwenye chupa, kimoja kimoja, mpaka mafuta ya breki yakaja safi. Pedali ikawa ngumu kama jiwe la kusagia.

"Haya, sasa jikune."

Siku hiyo walifika juu ya Mteremko wa Mawe, Tiana mbele akielekea shule, na nyuma bibi kizee mwenye bata wawili kwenye kikapu. Hapo gari likapiga goti. Lilikunja magurudumu ya mbele taratibu, likainamisha taa zake mpaka karibu na vumbi, huku injini ikinguruma vilevile.

"Limechoka, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi," alijibu Voahirana. "Limepiga goti."

"Basi lina adabu kuliko mkwe wangu."

Voahirana akashuka. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba, akapitisha mkono kwenye paipu za breki, akatazama kimo cha mafuta, akarudi kukanyaga pedali mara tatu. Alipomaliza, gari likainuka. Akateremka kwa gia ya pili, injini ikiwa hai, akapita polepole kando ya pengo.

Nyuma yake Zafy, dereva mwenye kofia ya ukindu, alichomoza kichwa dirishani. "Dada! Hilo gari limeokoka lini? Lifunge kilemba liende kanisani!"

"Lako litaokoka kesho, kaka Zafy."

Kesho yake la Zafy likapiga goti. Aliita wanaume watatu walisukume, nalo halikutikisika. Mwishowe akalala chali chini yake, na alipotoka alikuwa ameishika kofia mkononi. Paipu ya breki ilikuwa imepasuka, imebaki uzi.

"Nifundishe kutoa upepo," alisema.

"Tafuta wa kukukanyagia pedali."

"Mke wangu yupo, ila tumenuniana."

"Basi mnunulie vitumbua kwanza. Kazi hii haifanywi na walionuniana."

Mwezi haukwisha, teksi zote zilikuwa zikipiga goti pale juu. Hata yale magari mapya yenye kioo kinachosema upepo wa kila tairi yalipiga goti, na wenyewe wakashuka na viatu vyao vinavyong'aa wakajipimia kwa mikono. Hapana aliyezima injini tena. Muuza vitumbua alihamishia jiko lake hapo. Voahirana alikwenda gari hata gari, spana mfukoni, akimfundisha kila mtu kumsikiliza mgonjwa wake, na madereva waliokuwa wakimcheka walianza kumwita fundi, kwa sauti ile waliyokuwa wakimwitia baba yake.

Ndipo akaja bwana wa ofisi ya barabara, na utepe wa kupimia. Akapima urefu wa gari lililopiga goti, akaamuru ichorwe mistari ya njano. Kikasimikwa kibao: *Mahali pa kupigia goti. Dakika tatu.*

Voahirana akamteremsha hadi konani, akamwonyesha pengo. "Hapa je, bwana? Nimeshaleta barua tatu."

"Ukuta ni idara nyingine, mama."

"Na goti ni idara gani?"

"Goti ni usafirishaji." Akafungua daftari lake. "Tena tangu magari yaanze kupiga goti, hakuna lililoanguka. Sasa ukuta wa nini?"

"Watoto wa shule wanapita hapa kwa miguu. Mvua ikinyesha, udongo unateleza."

Bwana akachomoa fomu daftarini, akaipekua kwa makini, mbele na nyuma. Hakuwa mtu mbaya. "Watoto hawamo," alisema, akampa mkono wa kwaheri.

Jibu la barua ya nne lilifika na mvua za kwanza, likiwa na mhuri mzuri. Lilisema ukuta hauhitajiki, kwa kuwa magari yanapiga goti. Voahirana akalikunja, akalitia kwenye droo ya gari.

Asubuhi ile gari lilipiga goti kwenye mistari ya njano. Akabonyeza matairi, akatazama mafuta, akakanyaga pedali mara tatu. Likainuka. Kule konani watoto walikuwa wakiteremka katika manyunyu, kila mmoja ameshika sweta la mwenziwe. Voahirana akaliegesha gari sambamba na pengo, akavuta handibreki, akashuka kuweka jiwe mbele ya gurudumu. Zafy akaegesha nyuma yake, bila kuambiwa, na nyuma ya Zafy teksi nyingine. Magari matatu, pua kwa mkia, yalitosha hatua kumi na moja. Watoto wakapita upande wa mlimani, wakigonga milango kwa viganja vyao.

Alipopita wa mwisho, Voahirana akaondoa jiwe. Teksi zikaondoka moja moja, kwa gia ya pili. Tiana akageuka kitini, akatazama nyuma kupitia kioo.

"Mama," alisema, "ukuta bado haupo."