Dume Jeusi la Bonaventura

Tangu daraja letu litangazwe kuwa urithi wa kuhifadhiwa, hatujapata amani. Babu zetu walilijenga kwa mawe, huku Mjerumani akiwasimamia na kiboko, na ng'ombe wa kijiji chetu cha Balangdalalu wamelipita miaka yote. Ndipo Bonaventura, mwenyekiti wetu wa kijiji, akaweka geti la chuma na kufuli kubwa kuliko ngumi yake. Mifugo marufuku, watu kwa kibali. Ufunguo akauvaa shingoni.

Mimi sikupinga sifa. Daraja lilistahili. Nilichokataa ni geti.

Mvua zikakolea, mto ukajaa, na Perpetua, mke wa mwanangu, akashikwa na uchungu. Zahanati iko ng'ambo. Tulimfuata Bonaventura, akaja hadi getini akakataa kufungua.

"Mama Hilaria, kibali kinatoka ofisini asubuhi. Mimi nikivunja sheria, nani ataifuata?"

Perpetua alijifungulia pale pale kwenye tope, nikimkinga mvua kwa shuka langu. Mtoto wa kike, mzima. Nilikasirika.

Bonaventura alisahau jambo moja, naye ni mtoto wa huku huku. Kwetu, mwanaume akimkosea mwanamke mwenye uchungu, hapelekwi kwa wazee wa kiume. Wanawake ndio wanamhukumu. Asipolipa faini yao, wanamlaani, na hakuna mwanamke atakayepika nyumbani kwake.

Wiki iliyofuata tulikusanyika mbele ya geti na fimbo zetu, tukakaa chini tukaimba. Ilikuwa siku ya wageni kutoka wilayani kuja kufunua kibao cha urithi. Bonaventura alitokea na koti jipya.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Simama hapo hapo," nikamwambia. "Tumeshaamua. Dume jeusi, lisilo na doa. Leo."

Akatoa simu mfukoni. "Mama, nitatuma hela kwa simu, mnunue lolote mnalotaka."

"Simu haina pembe," akasema Sara, aliyekaa mstari wa mbele. Sara ni mke wake. Wanawake wakacheka sana, nami nikacheka kuliko wote.

"Lakini ng'ombe wangu wote wako malishoni ng'ambo," akalalamika. "Na mto umejaa. Hilo dume nitalipitisha wapi?"

Tukalitazama daraja, naye akalitazama. Gari la wageni lilikuwa linateremka kilimani. Akavua ufunguo shingoni, akafungua, akavuka peke yake.

Wageni walipofika, walimkuta mwenyekiti katikati ya daraja, koti limejaa tope, anavuta dume kwa kamba. Bwana mmoja akauliza kama mifugo haikupigwa marufuku pale. Bonaventura akazidi kuvuta kamba. Dume likasimama kando ya kibao, likaacha kinyesi chake bila haraka, kisha likaendelea. Hakuna jiwe lililotikisika.

Nilipokea kamba kwa mkono mmoja. Alipogeuka kufunga geti, nikamnyooshea mkono wa pili.

"Na ufunguo."

"Mama, huo ni wa ofisi."

Wanawake wote wakainuka na fimbo zao, Sara wa kwanza. Bonaventura akaniwekea ufunguo mkononi.

Sasa umetundikwa nyumbani kwangu, juu ya kitanda anacholala mjukuu wangu. Geti liko wazi. Anayetaka kulifunga aje amwombe yeye.