Kikwembe cha Manjano

…na anayebisha abishe, ajitokeze hapa mlangoni aseme mbele ya mtaa mzima wa Nyamugari kwamba Hamissi hawezi, Hamissi aliyeacha shule darasa la tano, leo wenye diploma zao wanamletea foto za babu zao zilizoliwa na mende na yeye anazirudishia rangi, ndiyo, rangi, kutoka kwenye kijivu, bisheni basi… lakini dada Dorotea habishi, na hiyo ndiyo shida, angebisha ingekuwa rahisi, yeye amesimama tu mbele ya meza na vumbi la njia ya Giheta kwenye kilemba, kidole chake kiko juu ya pindo la kikwembe alichojifunga mama yake ndani ya foto, ameuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kambi za wakimbizi za Tanzania kilichonyooka kama kimepigwa pasi, "Mdogo wangu, niambie ukweli. Mashini iliona rangi gani?" Iliona… nani alimfundisha neno hilo kama si yeye mwenyewe, wiki tatu zilizopita, dada alipoileta ile picha ndogo kama kadi, mama yake ameketi wima katika studio moja mjini Muyinga, mwaka mmoja kabla ya kukimbia, picha iliyokaa kambini miaka kumi na mitano ndani ya Biblia ya kaka yake Venansi, akauliza kama inaweza kupanuliwa na mama arudishiwe nguo yake, maana yeye Dorotea alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama, ana miaka miwili, mama akafia hukohuko kambini kabla mtoto hajapata akili ya kukumbuka, hakubaki na sura wala sauti, na Hamissi, mdomo huu, mdomo huu utamuua siku moja, akajibu huku anatafuna muwa, dada, kijivu iko na siri yake, mashini inaisoma, mi nabonyeza tu… vijana wa nje wakacheka, mama Mwajuma mwenye studio akamtupia lile jicho la pembeni, akasema jambo moja tu, uso usiguse, uso wa marehemu hauchezewi, na hakuugusa, Mungu shahidi, aliuacha mweusi na mweupe kama ulivyokuwa, alipaka rangi kikwembe tu… dada anasema nini sasa, wanawake kumi na wawili, anasema wanawake kumi na wawili wa ukoo wameshashona nguo za manjano kama hii kwa ajili ya kuondoa matanga ya mama Jumapili huko Buhinyuza, nyumbani, kwenye shamba walilorudishiwa, manjano kumi na mbili, loo, na yeye wiki tatu amejisifu mpaka uwanja wa mpira, amewaonyesha kopi, ametembea kama daktari aliyefufua mtu, kwa sababu karatasi ilipotoka kwenye mashini Dorotea alikaa chini, chini kabisa, sakafuni, akasema ndiye, ndiye huyu, nakumbuka, jua lilikuwa linapita kwenye nguo yake, nilikuwa mgongoni naona manjano tupu, akalia, na Hamissi akatazama dari… lakini Venansi, anasema Dorotea, Venansi ameiona foto Alhamisi, Venansi ambaye ukimuuliza habari za ile safari anachukua jembe anatoka, hajawahi kusema neno tangu yuko mtoto wa miaka tisa, ameishika foto, ameitazama mpaka chai ikapoa, akasema, nyekundu, nilishika pindo lake njia nzima mpaka mpakani, halafu, na hapa Dorotea anayarudia maneno yenyewe ya kaka yake… "Akasema, kama ni manjano, mimi nilishika nguo ya nani?" Nguo ya nani, eh, we Hamissi, mjuaji, jibu basi, Venansi, mwanamume mzima, amelima toka Alhamisi bila kula, anajiuliza kama katika ule umati alimfuata mama wa mtu mwingine, na wewe unatazama feni, ukisema manjano kaka amepoteza pindo, ukisema nyekundu dada amepoteza jua, wiki tatu tu amekuwa na mama, wiki tatu… tazama ile foto ya zamani, hiyo hapo kando, tazama kama ulivyofundishwa, mama Mwajuma alisema foto za kale hazisemi rangi, zinasema giza na mwanga tu, nguo ya manjano hupauka kama chai ya maziwa, na hii ni nyeusi karibu kama masizi, basi haiwezi kuwa manjano, alilijua hilo siku ileile, lakini inaweza kuwa nyekundu, inaweza kuwa buluu, inaweza kuwa kijani cha migomba, nani anajua, Venansi anajua, au Venansi naye ana jua lake… na kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa nyekundu, wallahi, yeye mwenyewe aliweka nyekundu, aseme hivyo, aseme dada, mashini iliona nyekundu, kaka yako yuko sawa, na watu wote watapiga makofi, Hamissi tena juu, imekwisha… ila kwa nini aliweka nyekundu, sema kwa nini, kwa sababu chupa ya chai ya mama Mwajuma ilikuwa mezani, ile pale, nyekundu, hata kifuniko chake kimevunjika, ndiyo siri yote ya kijivu, chupa ya chai, na feni inazunguka, na kidole cha Dorotea bado kiko kwenye pindo, hakijasogea hata unywele, anangoja, na yeye anaona mdomo wake umefunguka na kwa mara ya kwanza haujui unakwenda wapi, "Dada, mashini haikuona kitu. Mi niliweka nyekundu kwa kubahatisha tu, na wino mwekundu ulikuwa umeisha, ndiyo ikatoka manjano. Niliona kosa. Nilitaka kukuambia ungoje wino… we ukalia. Hakuna mtu aliwahi kulia juu ya kitu nimetengeneza mi. Nikanyamaza."