Kidole Juu

...subiri kwanza, nimemwinulia kidole, maana sikio langu liko kwenye kitarumbeta cha mbao cha kusikilizia mtoto na kitarumbeta kiko juu ya tumbo la mama huyu, na mtafiti huyu aliyekuja na maswali yake naye kaona huu ndio wakati wa kuuliza, "Nesi, unaridhika na kazi yako?", jamani, si angengoja niinuke, moyo wa mtoto bado sijaupata, nasikia mapigo ya mama tu, ya polepole, na mama kanikodolea macho, wa kwanza alimpoteza, nikikunja uso tu nimemuua, basi uso nimeutuliza... naridhika? na nini, na bomba linalokohoa hewa tangu juzi, na kitanda chenye tofali badala ya mguu, na foleni mpaka nje juani nami peke yangu, mwenzangu walimhamisha wakasema mwingine anakuja, anakuja mpaka leo, na dada yangu anataka jibu leo hii, eti njoo uuze dawa dukani kwangu, feni ipo, kiti cha kuzunguka kipo, utakaa kama binadamu, mdogo wangu, nami nikasema nitakupigia mchana, ila moyoni nilishakubali, asubuhi navaa viatu nikasema leo nawaaga... sogea kidogo, kushoto, mgongo wa mtoto uko huku, hapo... hapo! tuku-tuku-tuku, mbio, kama kachelewa mahali, we mtoto unakimbilia wapi na huku kwenyewe maji hakuna, nacheka, mama naye anacheka kabla hajajua anacheka nini, "Yupo, nesi?", "Yupo, tena ana haraka huyo!", anashusha pumzi mpaka sikio langu linashuka naye... haya, mapigo nimehesabu, mazuri, inuka basi umjibu mtu wa watu... mbona siinuki? makubwa haya, kiuno kinaniuma, foleni inaguna, nami bado nimeinama, nasikiliza nini tena, nimeanza lini mchezo huu, hata yule wa jana nilikawia, na wa kabla yake, kumbe foleni yote hii naichelewesha mimi kwa uroho wa masikio yangu!, na dukani kwa dada nitasikiliza nini, feni?, dada atanuna, najua atanuna, na anune... "Nesi, nilikuwa nauliza..." "Ngoja kidogo, kaka," na kidole bado nimekiinua.