Nyaya Nyeusi Tupu

Mafundi watatu walishafungua dashibodi ya pikapu ya baba, wakachungulia, wakaifunga tena na kushika njia. Wa tatu hakuaga hata vizuri. Alimwambia mdogo wangu kwamba aliyefunga umeme wa gari lile alikuwa na ugomvi na binadamu wenzake. Ndipo mdogo wangu akakumbuka kwamba ana dada, na kwamba dada huyo anakula kwa kazi hiyo hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye gereji za watu.

Mdogo wangu, gereji nzima ya baba inamwita Bosi. Ni mtu mwema, sina neno naye. Neno langu ni na aliyempa ubosi. Hajui kubana kichwa cha waya hata umwekee bunduki kisogoni, lakini anajua kupokea simu na kucheka na wateja, na alizaliwa mwanamume. Siku baba aliponiambia kwamba gereji si mahali pa mwanamke, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na masizi hadi kwenye kope. Nilidhani ananitania. Jioni ile funguo zilikuwa mfukoni mwa mdogo wangu, ambaye alikuwa bado anauliza betri inafungwa upande gani.

Jambo asilolijua Bosi, wala wateja waliomwita baba Mzee Fyuzi na kumsifu mjini kote, ni kwamba baba hatofautishi nyekundu na kijani. Kwake zote ni rangi moja ya udongo. Mama alijua, akazikwa na siri yake. Na mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa macho yake. Tangu nikiwa na miaka saba nilichuchumaa kando yake. Akisema mwekundu nampa mwekundu, akishika usio wenyewe nakohoa. Wateja wakiuliza mtoto wa kike anatafuta nini chini ya gari, alijibu kwamba namshikia tochi. Saa saba mchana, jua linachoma utosi, nashika tochi. Watu walicheka na mimi nilicheka nao, maana siri ilikuwa yetu wawili na nilijiona mkubwa kuliko watoto wote wa mtaani.

Basi nilikwenda. Nilikuta pikapu imeegeshwa chini ya bati la nyuma, boneti wazi, ile ile ya taa za duara aliyoinunua kabla sijazaliwa. Umeme wake tuliufunga sisi wawili nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, waya kwa waya, na kila rangi niliichagua mimi. Nisiseme uongo, nilikuwa na hamu ya kuiona kazi ile kabla sijaing'oa. Nikalala chali chini ya dashibodi, nikateremsha kifuniko.

Nyaya zote zilikuwa nyeusi. Nilivuta mmoja, nikavuta wa pili, nikalifuata fungu zima hadi kwenye taa za nyuma. Nyeusi tupu. Maganda yalikuwa yamekauka na kupasuka, shaba inachungulia, ndiyo maana gari lilikuwa likitoa moshi kila likiwashwa taa. Bosi, aliyekuwa amesimama na simu yake, akaniambia kwamba huo ni ustadi wa wazee, siku hizi hakuna anayeuweza. Wakati huo vidole vyangu vilikuwa vimegusa uzi. Kila waya, karibu na mwisho wake, ulikuwa umefungwa uzi wa kushonea viatu wenye mafundo. Fundo moja, taa kubwa. Mawili, breki. Matatu, indiketa ya kushoto. Nilipofika saba nikaacha kuhesabu, nikabaki nimelala pale na mikono kifuani.

Baada ya kunifukuza, baba aliing'oa kazi yetu yote. Akanunua waya wa rangi moja, akajifungia na gari lake, akafunga mafundo peke yake, wiki ngapi sijui, ili tu asije akalazimika kuniita. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijifariji kwamba bila mimi amekwama, na kwamba kiburi ndicho kinachomzuia. Kumbe alishajitafutia njia. Iliniuma kuliko siku ya funguo.

Siku hizi magoti yamemgomea, anashinda kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa ofisi. Alipokea shikamoo yangu kana kwamba tuliachana jana. Nikamwambia nyaya zimekwisha, naweka mpya. Akasema niziweke kama zilivyokuwa. Tulitazamana, na wote wawili tulijua anasema nini.

Sikuziweka kama zilivyokuwa. Nilikwenda dukani nikachukua kila rangi waliyokuwa nayo, na kwa siku tatu nikafunga umeme wa gari lile bila fundo hata moja. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya kwa nia mbaya. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mzee yule: amwambie Bosi, kwa mdomo wake, kwamba jina la Mzee Fyuzi tulilijenga wawili. Bila mafundo asingeweza kuligusa gari lake mwenyewe pasipo kuuliza. Na akiuliza, itabidi aseme kwa nini anauliza.

Siku ya tatu mchana kila taa iliwaka. Bosi alipiga honi mara nne kwa furaha, akawaita mafundi wake wote sita, akaenda kumleta baba kwa mkono ili aikague kazi. Baba akaketi upande wa abiria, akaingiza mkono chini ya dashibodi. Niliviona vidole vikitafuta. Vikapita kwenye waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, vikarudi. Mafundi walikuwa wamenyoosha shingo. Akavuta waya mmoja hadi kwenye mwanga.

"Huu mwekundu wa taa kubwa," akasema, "ameupitisha vizuri."

Bosi akacheka kidogo. "Baba, huo ni wa kijani."

Baba akageuza uso, akanitazama, akanyanyua kidevu kidogo tu, vile vile alivyofanya zamani akikwama. Nilipaswa kukohoa. Sikukohoa. Sema, nilimwambia moyoni. Sema sasa, baba yangu, hakuna atakayekucheka.

Alinisubiri. Kisha akaacha kunisubiri.

"Basi kakosea," akamwambia Bosi. "Mimi nilimwambia aweke mwekundu. Mtu mzima na bado anachanganya rangi. Sasa umeona kwa nini gereji sikumwachia?"

Damu ilinipanda kichwani. Jibu nilikuwa nalo. Ningemuuliza tu, mbele ya wote wale, fulana ya Bosi ina rangi gani, na Mzee Fyuzi angekwisha pale pale kwenye kiti. Nikafungua mdomo. Waya ulikuwa bado mkononi mwake, na macho yake yalikuwa yamenirudia, ila safari hii hayakuwa yakiomba kitu. Yalikuwa yananiogopa.

"Nimekosea," nikasema.

Nilijichukia neno likiwa bado ulimini. Nilimchukia na yeye, kwa jinsi alivyoegemea kiti na kushusha pumzi. Mafundi wakatawanyika wakitazama chini, wakinihurumia. Bosi hakupenda niaibike. Akaokota vipande vya waya vilivyobaki, akachuchumaa kando yangu, akavipanga sakafuni kimoja kimoja.

"Usijali, dada," akasema kwa upole. "Tuanze na huu. Huu ni mwekundu."