Kitufe cha Kuruka Maneno

Jaji hakuwa jaji. Alikuwa mwigizaji aliyevaa joho la jaji kwenye tamthilia ya televisheni kwa miaka mingi, mpaka watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Tamthilia ilipokufa hakukaa kulia. Aliandika miswada ya filamu, akaingia kwenye katuni, na mwishowe shemeji yake, mdogo wa mkewe, akamchukua kwenye kampuni yake ya kutengeneza gemu. Kibao cha mezani kilisema "Mwandishi wa Hadithi". Kibao chenyewe alikinunua mwenyewe.

Leo mwandishi huyo alisimama nyuma ya kioo, akiwatazama vijana walioalikwa kulijaribu gemu. Walikimbia, wakapanda kuta, wakafika kwenye lango la mji. Langoni palikuwa na mlinzi mzee, na mlinzi alikuwa na hotuba. Jaji aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, kisha akaisoma mwenyewe kwa ile sauti nzito iliyokuwa ikifunga watu maisha.

"Sikiliza, mgeni," mlinzi akaanza.

Kijana wa kwanza akabonyeza kitufe cha kuruka maneno, lango likafunguka. Wa pili naye akabonyeza. Wa tatu hakumwacha mzee wa watu hata afike kwenye "mgeni".

Wameambiwa, Jaji akawaza.

Tumtendee haki, sababu alikuwa nazo. Siku hizi shemeji akimwona anakuja koridoni, mazungumzo yake na mchoraji wa gemu yanakatika. Chumba cha mikutano kilichokuwa kikiachwa wazi sasa kinafungwa. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, sawa, lakini humu ndani kuku alionekana kuwa yeye peke yake. Na agizo lilishatolewa: kitakachorukwa na wajaribu, kitakatwa. Maneno mengine yote ya Jaji yalishakwenda hivyo, ikabaki hotuba ya langoni. Ikikatwa na hiyo, hatakuwa na sentensi hata moja ndani ya gemu, na mwandishi asiye na sentensi ni shemeji tu anayelishwa na shemeji. Hilo ndilo lililomuuma.

"Hawa vijana umewatoa wapi?" akamuuliza shemeji aliyesimama kando yake.

"Mtaani, shemeji. Wanapenda gemu."

"Wana haraka sana."

"Wachezaji wote wana haraka."

"Na nani aliwaonyesha kile kitufe?"

Shemeji akacheka. "Kimeandikwa juu yake."

Jaji hakukipenda kile kicheko. Kwenye tamthilia, aliyecheka hivyo alikuwa na hatia kila mara.

"Nitaleta mjaribu wangu," akasema.

"Mlete, shemeji."

Akamleta mkewe. Mama watoto alikuwa muuza dawa, mwanamke wa maneno machache, na tangu uchumba hakukosa onyesho la mumewe hata moja. Jukwaani alikaa mstari wa mbele. Nyumbani alikaa karibu na televisheni. Hakupiga miayo, hakuchungulia saa. Kama dunia ina sikio la haki, basi ni lile. Kwamba lilikuwa sikio la mkewe, Jaji hakuona kuwa ni kasoro.

Alimfuata dukani mwenyewe, shemeji asije akamuwahi. Ndani ya teksi akamwomba simu, akaitia mfukoni.

"Ya nini?"

"Utulivu tu."

Mkewe akamtazama kidogo, kisha akageukia dirishani.

Chumba cha majaribio kilikuwa na kochi, skrini kubwa na harufu ya zulia jipya. Shemeji aliinama kumwonyesha dada yake pedi ya kuchezea: hiki cha kukimbia, hiki cha kupanda ukuta, hiki cha kuruka maneno.

"Basi, inatosha," Jaji akasema. "Usimnong'oneze."

"Sijanong'ona, shemeji. Nimeongea."

Mama watoto alicheza vibaya mpaka akajicheka. Aligonga kuta, akatumbukia kisimani, akamwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga. Lakini hakumkatiza mtu. Muuza maji aliposifia maji yake, alimsikiliza. Msichana aliyepotelewa na ndala alilalamika, na mama watoto akarudi kumuuliza tena, kwa huruma kabisa. Maneno hayo aliyaandika mchoraji. Jaji akamtupia shemeji jicho: unaona mtu mwenye adabu anavyocheza?

Mama watoto akafika langoni. Mlinzi akainua mkono.

"Sikiliza, mgeni. Mimi nimesimama hapa tangu—"

Akabonyeza kitufe cha kuruka maneno. Lango likafunguka, akaingia mjini, akawa anatafuta pa kwenda.

Jambo la kwanza alilofanya Jaji, na msimcheke, ni kumgeukia shemeji. Shemeji alikuwa akiangalia viatu vyake. Hakuwa na sura ya aliyeshinda. Alikuwa na sura ya mtu anayetafuta mlango.

"Mama watoto, umebonyeza kwa bahati mbaya."

"Hapana."

"Hukuitambua sauti?"

"Nimeitambua." Akaiweka pedi mapajani. "Ndiyo maana."

"Miaka yote hii umekaa mbele yangu unanisikiliza. Hujawahi kuchoka hata siku moja."

"Nilikuwa sina kitufe," mkewe akasema.

Alisema bila hasira, kama anavyomwambia mteja kwamba dawa imeisha. Ikawa wazi kuwa hajamaliza.

"Mezani unaanza na sikiliza. Tukigombana, sikiliza. Siku niliyotoka hospitali kumwona mama kwa mara ya mwisho, nilifika nyumbani nina neno lake mdomoni. Ukanishika bega, ukasema sikiliza, mke wangu. Ukanifariji mpaka nikasinzia. Mpaka leo hujui mama alisema nini, na hujawahi kuuliza."

Jaji akafungua kinywa. Utetezi ulikuwepo, tena mzuri, wenye mwanzo na mwisho, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile. Akalimeza. Lilikuwa chungu kulimeza kuliko alivyodhani.

"Ikate hotuba," akamwambia shemeji, bila kumtazama.

Shemeji akatoka, akaufunga mlango taratibu. Jaji akakaa kwenye kochi kando ya mkewe.

"Mama alisema nini?"

Mkewe akamtazama kwa shaka, macho yakiwa midomoni mwa mumewe, akingoja aone kama kweli amemaliza kusema.